Hanus Anaujua Utumbo

Mume wangu Hanus hajawahi kukosea tangu azaliwe, na kama hamniamini mimi, muulizeni yeye mwenyewe. Atawakalisha jikoni kwangu, atawamiminia kahawa yangu, na atawaeleza mvua itakatika lini, kwa nini bei ya samaki imeshuka na mwalimu wenu aliwadanganya wapi mlipokuwa wadogo. Nimeishi naye zaidi ya miaka ishirini katika kisiwa ambacho watu wake wote hawajazi hata kanisa. Akifungua kinywa asubuhi, mimi huwa nimeshachoka.

Si mtu mbaya. Niseme hilo mapema kabla hasira hazijanipanda. Alizaliwa katika chumba kilekile tunacholala, na hajawahi kutaka kuishi mahali pengine. Mchana yuko ghubani kwenye vizimba vya samaki, anawalisha samoni wa kampuni. Saa zinazobaki ni za kondoo. Kondoo wake wametapakaa mlimani na anawajua kwa sura, mmoja mmoja, na nina hakika wawili watatu kati yao anawapenda kuliko mimi. Oktoba wanaposhushwa kuchinjwa, watu wa kisiwa humwita yeye atoe matumbo, maana ana mkono mwepesi. Huvuta utumbo wote bila kuutoboa, mwanzo hadi mwisho, na kuulaza kwenye beseni kama uzi wa kufumia. Mimi na mama yake, Bibi Elspa, tunauosha, tunaujaza damu na mafuta, tunaushona. Hakitupwi kitu.

Kwa hiyo Hanus anaujua utumbo. Hiyo ndiyo sentensi iliyoniharibia mwaka.

Nyama yenyewe huenda kibandani. Kila nyumba hapa Visiwa vya Faroe ina kibanda chake cha upepo. Mbao zake hupigwa kwa kuachana kidogo ili upepo wa bahari upite, na nyama inaning'inia humo bila punje ya chumvi, inachacha, inakauka, hadi kufikia Krismasi inanuka vile inavyotakiwa kunuka. Mgeni akiingia hutoka mbio, sisi tunameza mate. Kibanda cha Hanus alikijenga babu yake, na kwa Hanus hakuna jengo duniani linalokifikia. Kila siku huingia humo, ananusa paja hili, anabonyeza lile, anatoka na uso wa mchungaji aliyemaliza mahubiri. Kitu kikipata ule upepo, husema, hakiozi. Kinakuwa bora zaidi.

Binti yetu ni mmoja tu, Rakul. Anasomea uhandisi wa mitambo ya meli mjini Torshavn, na ukimwona na spana mkononi utajua amechagua vyema. Pasaka ya mwaka jana alirudi nyumbani amekonda, suruali imeshikiliwa na mkanda. Alikuwa anakwenda chooni, anarudi mezani, anakaa, anakwenda tena. Bibi Elspa akasema ni mapenzi. Hanus akasema ni chakula cha mjini. Mimi nikampigia daktari.

Ugonjwa wa matumbo si mgeni kwetu. Karibu kila ukoo visiwani una mtu mmoja aliye nao, na kila mtu huyo ana shangazi mwenye dawa. Hata hivyo vipimo vilichukua muda: damu, choo, kisha kamera iliyopitishwa ndani na vinyama vidogo vilivyokatwa kwenda kuangaliwa. Majibu yalipotoka tuliitwa hospitali, na Hanus akavaa sweta lake la kanisani. Nilimwambia kwamba Rakul ni mtu mzima, anaweza kwenda na mimi tu. Akaniuliza ni nani katika nyumba ile anayeujua utumbo.

Daktari Vibeke ni mwanamke kutoka Denmark, mpole, mwenye subira ambayo sikujua kama ataihitaji yote siku ile. Akachukua karatasi akachora.

"Ni ugonjwa wa Crohn," akasema. "Kinga ya mwili wa Rakul, ambayo kazi yake ni kupigana na wadudu, imegeuka inaushambulia utumbo wenyewe. Chanzo chake hasa hatukijui. Hatuwezi kuufuta, lakini tunaweza kuutuliza, na ukitulia mtu anaishi maisha yake kama kawaida."

"Uko wapi?" Hanus akauliza.

"Zaidi ni hapa, mwisho wa utumbo mwembamba, kabla haujaingia kwenye utumbo mpana."

"Napajua. Hapo kando pana kifuko."

"Ndiyo," daktari akasema, ameshangaa kidogo. "Hasa."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kumwambia Hanus ndiyo.

"Basi kateni hapo. Kipande kibovu unakikata, unakitupa, mambo kwisha."

"Kukata kupo," daktari akasema. "Wakati mwingine hakuna njia nyingine. Lakini kwa Crohn, mara nyingi ugonjwa hurudi palepale tulipounganisha. Na utumbo uliokatwa hauoti tena. Kwa hiyo tunaulinda kadiri tunavyoweza."

"Daktari, mimi nimekata mamia ya matumbo."

"Baba," Rakul akasema, "na wangapi waliamka?"

Nilicheka hadi nikaona aibu. Hanus alituongoza nje mpaka kwenye maegesho ya magari. Hapo akaanza upya.

Rakul akapewa vidonge vya steroidi vya kushusha uvimbe, vikamsaidia. Maumivu yakapoa, akala, lakini uso ukamvimba ukawa mviringo, usiku halali, na ukimgusa kwa neno analia au anakutukana. Dawa ile si ya kukaa nayo, hupunguzwa polepole. Na kila ilipopunguzwa, ugonjwa ukachungulia mlangoni. Kufikia Oktoba mwaka huohuo ulikuwa umeingia ndani na kukaa kitako.

Daktari Vibeke akatuwekea njia mezani. Kuna vidonge vya kuizuia kinga, ila vinachukua miezi kufanya kazi. Kuna dawa ya dripu ambayo inalenga kitu kimoja tu kinachowasha ule moto, nayo ina nguvu zaidi na yeye mwenyewe aliipendekeza. Ubaya wake ni kwamba mtu anakuwa mwepesi kuambukizwa magonjwa mengine, ndiyo maana kwanza anapimwa kifua kikuu na homa ya ini. Na kuna kisu, ikibidi. Rakul alipimwa, akaonekana salama, akapewa nafasi ya dripu ya kwanza mwezi wa Desemba. Kabla ya hapo daktari akaomba damu tena na choo tena, ili ajue moto una ukubwa gani kabla ya kuanza kuuzima. Damu walichukua siku ileile. Kopo la choo Rakul akaja nalo nyumbani, alikokuwa amepumzika masomo, kwa sababu tumbo haliamriwi.

Rakul alikuwa anaiogopa dripu. Hakusema, ila nilimwona akisoma kwenye simu yale maandishi madogo ya hatari zake, akifika mwisho anarudi mwanzo. Alikuwa ameahidiwa nafasi ya mafunzo kwenye meli ya uvuvi baridi ikiisha, na aliogopa kwamba mtu wa dripu hapandishwi melini. Kwa hiyo msidhani alikuwa na haraka ya kutobolewa mshipa. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia si lazima.

Na mtu huyo alikuwa naye nyumbani, amevaa soksi za sufu, anasoma majibu.

Siku hizi majibu ya hospitali yanakuja kwenye simu, na sijui nani alifikiri hilo ni jambo jema. Namba, kisha mshale wa juu au wa chini, kisha neno refu. Rakul alikuwa anamwonyesha baba yake kwa upendo tu.

"Hii imeshuka," Hanus anasema, miwani kwenye ncha ya pua. "Safi sana."

"Hiyo ni damu, Baba. Inatakiwa ipande. Nina upungufu."

"Na hii imepanda."

"Hiyo ndiyo inatakiwa ishuke. Ni uvimbe."

"Imepanda kidogo tu. Kondoo akipanda hivyo humwiti mtu."

"Hanus," nikasema, "kondoo hapimwi uvimbe kwenye damu."

"Ndiyo maana hawaugui."

Niambieni mtu anajibu nini hapo. Nilitoka nikaenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Asubuhi Rakul alipofanikiwa na lile kopo, alilifunga vizuri kwenye mifuko yake, akampa baba yake alipeleke botini, kwa kuwa Hanus hupita gatini kila siku akienda kazini. Akamwambia kabisa: lisichelewe, na kama boti haiendi, lirudi, tutaliweka kwenye friji. Jioni akamuuliza:

"Baba, limeenda?"

"Limeshughulikiwa," akasema Hanus.

Mimi nilikuwa namenya viazi na nililisikia neno hilo, na ilinipasa nitupe kisu nimkamate shingo pale pale. Lakini sikuwa na sababu ya kufikiria choo cha mtu zaidi ya inavyolazimu.

Siku hiyo upepo ukageuka kusini, ule wa joto na unyevu unaolowesha hata mawazo, na bahari ikapanda. Boti haikuja. Helikopta ilikuja mara moja, ikachukua mjamzito na posta ya haraka, nasi tukadhani kopo limo humo. Karibu majuma mawili hatukuona mtu mgeni, maziwa yakaisha, Bibi Elspa akahamia jikoni kwangu na sweta analofuma. Kisha bahari ikatulia, boti ikaja, maisha yakaendelea. Siku chache baadaye simu ya Rakul ikalia.

Kipimo cha choo kilikuwa chini. Chini kabisa, karibu sawa na cha mtu mwenye afya. Rakul akasoma, akasimama, akasoma tena.

"Mama," akasema, "umetulia. Ugonjwa umetulia wenyewe."

Sijui kama mmewahi kumwona mtoto wenu akifurahi na ninyi hamuwezi. Nilimkumbatia. Lakini nilikuwa nimemsikia alfajiri akiwa chooni, na nilikuwa nimeona alivyoacha nusu ya kiazi kwenye sahani. Kipimo kinasema mzima, mtu mwenyewe ana rangi ya majivu. Nikasema tungoje daktari ayalinganishe na majibu ya damu.

"Damu, damu!" Hanus akasema. "Ugonjwa uko tumboni, wamepima kitu kilichotoka tumboni, wamekuta salama. Unataka wapime nini tena, nywele? Ni nyama yangu hiyo iliyomponya. Majuma mawili anakula chakula cha kwao."

"Amekula vijiko viwili vya mchuzi," nikasema.

"Vijiko viwili vya mchuzi wa paja gani? Hapo ndipo huelewi."

Bibi Elspa akaitikia kutoka kwenye kona yake kwamba marehemu mumewe alikuwa na tumbo baya na nyama ya kibandani ilimnyoosha. Marehemu alikufa kwa tumbo, lakini katika nyumba ile ni mimi tu niliyekumbuka.

Jumapili ikafanywa karamu. Paja lililochacha likachemshwa, nyumba ikanuka hadi barabarani, na vipande vya nyama iliyokauka vikakatwa vyembamba juu ya mkate. Rakul akala. Alikula kwa ajili ya baba yake, akitafuna muda mrefu, na Hanus akamtazama kila tonge likishuka kama vile yeye ndiye anayelimeza. Jumatatu Rakul akapiga simu hospitalini, akaiachia nafasi yake ya dripu. Muuguzi akamuuliza kama ana uhakika, akasema kipimo kimekuwa kizuri. Muuguzi akasema atamwarifu daktari.

Nilimwambia, "Mwanangu, ngoja kwanza." Akaniambia, "Mama, kwa nini wewe hutaki nipone?"

Nilipanda juu nikalia kwenye taulo. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na hasira nilizokuwa nazo sikujua nimpe nani. Hanus nimwambie nini? Alikuwa na namba upande wake. Namba ya hospitali, yenye muhuri, na mimi nilikuwa na nusu ya kiazi.

Siku mbili baadaye Rakul akaanza kujikunja. Tumbo likajaa juu, likanguruma, kisha likanyamaza, akatapika. Hanus akasema amekula haraka. Ilikuwa mchana, tuko wote jikoni, simu ikaita, naye ni Daktari Vibeke. Rakul akaiweka mezani na sauti juu, maana hakuweza kuishika.

"Rakul," daktari akasema, "nina mambo mawili yasiyopatana. Damu yako inasema uvimbe ni mkubwa, mkubwa kuliko mara ya mwisho. Choo kinasema hakuna kitu. Kipimo kimoja hakitoshi kuhukumu, na ugonjwa wa utumbo mwembamba wakati mwingine hujificha, lakini tofauti hii imenisumbua. Unajisikiaje?"

"Natapika," Rakul akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Tumbo limesimama."

"Tutakuletea helikopta. Usile, usinywe. Lakini niulize: ile sampuli ulichukua lini? Hapa imeandikwa tarehe ya siku moja kabla ya kutufikia."

Rakul akaitaja siku yenyewe, ile kabla ya upepo wa kusini. "Siyo kosa?" daktari akauliza. "Hayo ni karibu majuma mawili. Ilikuwa wapi muda wote huo?"

Nikageuka nikamtazama Hanus. Na mnajua nini? Alikuwa anatabasamu. Alisogea kwenye simu kama mtu aliyeitwa kupokea tuzo.

"Usiwe na wasiwasi, daktari. Boti haikuja siku ile, kwa hiyo nililitunza mwenyewe. Nililitia kwenye soksi ya sufu nikalining'iniza kibandani, katikati ya mapaja, mahali panapopata upepo wote. Tarehe niliandika nilipolipakia botini. Ndivyo tunavyoandika kwenye makasha ya samaki, siku ya kupakia."

"Kibandani," daktari akasema.

"Kibanda cha babu yangu."

"Kule mnakochachushia nyama."

"Hapohapo. Hakuna kitu kinachoharibika mle."

Daktari Vibeke alivuta pumzi, nikaisikia. Kisha akasema polepole, bila kumkaripia, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Hanus, tunachokipima kwenye choo ni protini inayotoka kwenye seli za uvimbe. Ikikaa siku nyingi bila baridi ya kutosha, inavunjika. Ikivunjika, namba inashuka. Namba ile haikuwa ya tumbo la Rakul. Ilikuwa ya kile kilichobaki baada ya kibanda."

Bibi Elspa aliacha kufuma.

"Uliniambia limeenda," Rakul akasema.

"Nilisema limeshughulikiwa."

"Nimeiachia nafasi yangu, Baba! Nimekula ile nyama yako!"

Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nilikuwa nayo ya miaka, yamepangwa kama makopo ya jemu. Lakini Hanus alikuwa anaangalia mikono yake, na binti yangu anatapika kwenye beseni, kwa hiyo nikachukua koti. Sikio la kufa halisikii dawa, ila sikio hili lilikuwa la baba, na tumbo lilikuwa la mtoto.

Hospitalini walimtia mrija puani kuutoa ule mzigo tumboni, wakampa maji kwa mshipa, wakampitisha kwenye mashine ya picha. Siku ya pili tumbo likaanza kunguruma, na nesi akafurahi kana kwamba ameshinda bahati nasibu. Siku ya tatu Daktari Vibeke akaja na picha. Hanus akasimama, akavuta kiti chake karibu.

"Baba," Rakul akasema, "subiri nje."

Akaenda. Sikuwahi kumwona akitoka chumbani bila neno la kuagia.

Daktari akatuonyesha. Palepale mwishoni mwa utumbo mwembamba ukuta ulikuwa umenenepa, na njia katikati imebaki nyembamba kama mrija wa soda. Nyama kavu ilikwama hapo.

"Hapa kuna mambo mawili yanayoweza kuibana njia," akasema. "Uvimbe na kovu. Uvimbe dawa inaweza kuushusha. Kovu halisikii dawa, hilo hukatwa. Picha inaonyesha kwamba zaidi ni uvimbe. Lakini uvimbe ukiachwa, huwa kovu. Sampuli ile ingetufikia ikiwa nzima, tungekuanzishia dripu majuma mawili mapema."

"Nikianza sasa?" Rakul akauliza.

"Nafasi ni nzuri. Siwezi kuahidi. Tutaanza ukiwa hapahapa, kisha tutapiga picha tena baada ya miezi michache. Isipofunguka, tutamwita mpasuaji, na hapo kukata hakutakuwa kushindwa. Litakuwa jambo sahihi kwa wakati wake. Kwa sasa unakula vitu laini. Nyama kavu, hapana."

"Na kuambukizwa?"

"Homa yoyote unatupigia, usisubiri. Chanjo zako tumeshaziangalia."

Rakul akajiuma mdomo. "Na meli?"

"Ipo dawa ya jamii hiyohiyo ya kujidunga mwenyewe. Ukitulia kwa dripu, tunaweza kukuhamishia huko. Mabaharia wanayo. Sharti lake ni moja, inatunzwa kwenye baridi."

"Kwenye friji," Rakul akasema.

"Friji ya kweli," daktari akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka ile nikamwona mwanangu anacheka, mkono umeshikilia tumbo.

Alichagua mwenyewe. Hakunitazama mimi kwanza, akamtazama daktari, akasema aanze. Nami nikakaa na mikono yangu mapajani, nikikumbuka jinsi nilivyoomba mtu yeyote katika familia yetu afanye uamuzi baada ya kusikia habari yote mpaka mwisho.

Nilipotoka kumwita Hanus, nilimkuta amesimama dirishani kando ya mzee mmoja wa kisiwa cha Suduroy mwenye mguu kwenye plasta. Mzee alikuwa anamuuliza kama kesho ukungu utainuka, maana anataka kurudi kwao.

"Sijui," Hanus akamjibu.

Hapo niliogopa. Miaka yote ile nilikuwa nimeliomba neno hilo, na nilipolipata nikatamani alirudishe.

"Anaanza dripu," nikamwambia. "Kisu baadaye, ikibidi. Ni uvimbe zaidi kuliko kovu."

"Kwa hiyo majuma yale..."

"Majuma yale yalikuwa na maana, Hanus. Ndiyo."

Sikumpunguzia. Nilikuwa na hasira bado, na hata sasa ninazo, msidhani kilio kidogo kinazima moto. Aliitikia kwa kichwa. Tukaingia.

Chupa ilikuwa imeshaning'inizwa, ikidondoka tone baada ya tone. Rakul alikuwa ameegemea mto, hakumwangalia. Hanus akakaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mkononi. Aliitazama chupa, akaufuata mrija kwa macho hadi mkononi mwa binti yake, akafungua kinywa. Nikajua sasa tunaelezwa dripu. Nikajua sasa tunaambiwa vile maji yanavyokwenda kwenye mshipa wa kondoo. Nikawa tayari kumtoa nje kwa kola ya shati.

"Rakul," akasema, "huwa inauma wapi?"

Rakul akageuza kichwa. Alimtazama muda mrefu, anatafuta mtego ulipo. Kisha akauchukua ule mkono mkubwa wenye makovu ya kisu, akauweka upande wa kulia, chini, juu ya blanketi.

"Hapa. Ikianza inazunguka mpaka mgongoni. Halafu nashindwa kusimama wima."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Tangu Pasaka ile."

"Hapana, Baba," Rakul akasema. "Tangu mwaka wa mwisho wa shule. Nilikuwa bado nyumbani."

Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kitanda, na majibu yake yote nilikuwa nayo kichwani, kila mshale wa juu na kila mshale wa chini. Hilo sikulijua.